Alama ya Mlima

Nyambura binti yangu, mama yangu mdogo,

Nakuandikia nikiwa ndani ya lori, hapa uani, kwa sababu nyumba imejaa shangazi zako. Wanagombania sanduku lako. Mmoja anaweka sweta, mwingine anaitoa aweke unga wa uji, ati huko ng'ambo watu hawajui uji. Nimewaachia. Habari za sweta, za kufunga madirisha, za kanisa na za kutojibu kila kijana anayekusalimia utaambiwa na wao mpaka gari la mjomba wako lifike asubuhi. Mimi nina neno lingine, na limenikaa kooni tangu Jumapili.

Jumapili tulipotoka kanisani ulinivuta koti ukaniambia polepole, shangazi zako wasisikie: "Baba, nipe picha moja ya Mama niende nayo. Moja tu ambayo uso unaonekana. Siku hizi nikifunga macho namsikia, lakini simwoni."

Nikakujibu vibaya. Nilisema, "Si unajua hakuna," nikatangulia mbele kama mtu anayekimbia mvua. Hukuuliza tena. Ungenipigia kelele ningepona haraka, lakini wewe si mtu wa kelele. Ulinifuata tu nyuma ukabeba Biblia zote mbili.

Kwa hiyo nataka kukueleza vizuri kwa nini hakuna, maana hujawahi kunisikia nikisema kwa mdomo wangu. Na nakuomba usifungue ile karatasi ya kaki niliyoifunga pamoja na barua hii mpaka ufike mwisho. Najua una mikono myepesi. Ivumilie kidogo.

Unakumbuka nilivyokusimulia kamera ilivyokuja. Nilikuwa nimeanza kuendesha lori la majani ya chai, miaka ile kila mtu huku milimani alipokuwa anang'oa migomba apande chai. Kule Kangari, kwenye barabara ya udongo mwekundu, nikakuta Mzungu msafiri na gari lake dogo limezama kwenye matope mpaka milango. Nilimvuta kwa mnyororo. Kwa furaha akatoa kamera kwenye mfuko wa koti akaniwekea mkononi, kitu kidogo namna ile, nikadhani ni kiberiti cha kifahari. Akanionyesha kuweka filamu, akanionyesha pa kubonyeza, akaenda zake. Kitabu cha maelezo hakikuwepo, na kama kingekuwepo nisingekisoma. Unanijua.

Sehemu ambayo sikuwahi kukusimulia ni jioni ile nilipoileta nyumbani. Wewe ulikuwa bado tumboni. Mimi na mama yako tukakaa mlangoni tukaigeuzageuza. Kwenye pete ya lenzi tukaona michoro minne midogo: kichwa cha mtu, watu wawili, kundi la watu, na mlima. Mama yako akapiga makofi. "Haki ya Mungu, hii kamera imetengenezewa sisi!"

Na mimi nikaona ni kweli. Nani asiyeujua mlima ule? Tunaamka tukiuona, tunauliza mvua kwake, wazee wetu waliomba wakiuelekea. Nikamweleza mama yako, kwa sauti ya mtu aliyesomea mambo hayo, kwamba kila mmoja anaweka pete kulingana na mahali anapokaa. Watu wa Nairobi wanaweka kwenye kundi la watu, na sisi tunaweka kwenye mlima. Hakuwa na swali. Ubishi wake ulikuwa mmoja tu, kwamba mlima uliochorwa ni ule unaoonekana kwao Chuka, si huu wetu wa Othaya. "Nyinyi huku mnaona mgongo tu," alisema. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Ndiyo maana nakuandikia kwa Kiswahili, mama. Yeye na Kimeru chake cha Chuka, mimi na Kikuyu changu, tuliona afadhali tuchumbiane kwa lugha ambayo hakuna wa kumcheka mwenzake sana.

Kisha nikafanya jambo la kijinga kupita yote niliyofanya maishani, na nimefanya mengi. Nilichukua plasta ya kidonda nikaibandika ile pete pale kwenye mlima, isizunguke ikapotea.

Basi nikapiga picha. Nilimpiga mama yako akisuka kikapu, akimenya viazi, akikubeba ukiwa na wiki mbili. Nilikuwa namsogelea karibu kabisa, maana uso wake niliutaka wote. Filamu ikiisha naipeleka mjini Nyeri kwa fundi wa studio, na kila mara zinarudi vilevile. Mama yako ni ukungu. Nguo yake naijua, kilemba nakijua, lakini pale pa uso ni kama mtu amepuliza moshi. Nikamgombeza fundi kwamba dawa zake zimeoza. Aliniambia, "Mzee, mimi nasafisha tu. Hii kamera yako iko na shida." Nikamwambia shida ni yeye.

Nilipomalizana na fundi nikamgeukia mama yako. "Umetikisika!"

"Sijatikisika. Nimesimama kama nguzo ya umeme."

"Basi ulipumua."

"Wewe mwanamume, unataka nife ndiyo picha itoke sawasawa?"

Tulicheka siku hiyo. Sasa nikikumbuka neno lile sicheki.

Ulikuwa na miaka mitano homa ilipomchukua. Kwenye mazishi tuliweka meza, tukaweka kitambaa cheupe na picha yake iliyokuwa afadhali kidogo. Watu wakapita mmoja mmoja. Niliwaona wakiinama kuiangalia, wakiisogelea zaidi, kisha wakiinuka wakitazama pembeni. Mama yake mzazi, aliyetoka Chuka siku nzima njiani, aliishika, akaifuta kwa kanga yake kama mtu anayefuta vumbi. Akaifuta tena. Nilitamani ardhi inimeze.

Na bado sikujua. Nilidhani ni bahati mbaya. Nikahamia kwako. Wewe ndiye uliyebaki wa kupigwa picha, na wewe nawe ukawa ukungu, na mimi nikaanza wimbo wangu: tulia, Nyambura, tulia, kwani una siafu nguoni? Ulikuwa unasimama pale mbele ya ghala la mahindi umebana pumzi, macho yanatoka machozi, hata nzi akitua puani humfukuzi. Picha zikirudi nakuambia umetikisika. Ukaamini. Mwalimu wako wa darasa la tatu aliniambia ulimwomba msamaha kwa kutotulia, naye akashangaa kwa sababu darasani ulikuwa umetulia kuliko dawati.

Sasa nije kwenye Jumapili ile nyingine, ya darasa la tano, ambayo naijua kwa moyo.

Ulikuwa umeketi mezani na picha mbili zimetoka mjini. Mimi nilikuwa nakula. Ukasema, bila kuinua macho, "Baba, mkono ukitetemeka unatetemesha nini kwenye picha?"

"Kila kitu."

"Na mtu akitikisika?"

"Yeye mwenyewe. Si ndiyo shida yako?"

"Hata huu mti niliouegemea uko na ukungu, Baba. Nao ulitikisika?"

Nikameza tonge. Ukasukuma picha kwangu. Nikaweka miwani. Wewe ulikuwa ukungu, ghala ulilosimama mbele yake lilikuwa ukungu, shina la mti lilikuwa ukungu. Lakini nyuma yako kabisa, juu ya paa, mlima ulikuwa umesimama vizuri namna ile, vilele unavihesabu, theluji unaiona ilipoishia. Kila picha niliyowahi kupiga ilikuwa na mlima mzuri. Sikuwahi kuuangalia.

Ukaing'oa plasta kwa kucha. Ukazungusha pete ukaniambia kwa heshima, kama mtu anayemwamsha mgonjwa, "Baba, nafikiri huu mlima si wetu. Ni wa vitu vya mbali. Mtu akiwa karibu ni hiki kichwa."

Nilitoka nje nikaosha lori ambalo lilikuwa limeoshwa jana yake. Nililiosha mpaka giza. Ulikuja na taa ya chemli ukanishikia, ukamulika magurudumu, na hukusema lile neno ambalo mtu yeyote angesema. Hukusema, "Kwa hiyo ni wewe." Hujalisema mpaka leo. Nimeendesha gari na watu wazima wengi, wachungaji wawili wakiwemo, na sijaona mwingine mwenye moyo kama huo. Ulikuwa na miaka kumi na moja.

Halafu ukanifundisha. Mimi, dereva mwenye mvi, nikafundishwa na mtoto aliyevaa soksi zisizofanana. Ukagundua kwamba hata kwenye alama ya kichwa kamera haitaki mtu asogelewe sana. Karibu kuliko hatua moja ndefu, jicho la kamera linafifia, ni kama mimi na gazeti bila miwani. Ukachukua uzi wa kufumia wa shangazi yako, ukaufunga kwenye kamera, ukapiga fundo pale penye mita moja. Fundo likimgusa mtu shavuni, hapo bonyeza. Ukagundua tena kwamba kidirisha cha kuchungulia kinaona juu kuliko lenzi, ndiyo maana watu wa karibu wakati mwingine walikuwa wanatoka bila vichwa, na mimi nikidhani ni fundi anakata karatasi vibaya.

Lakini nilipenda zaidi siku ulipoupeleka uzi kwa cucu yako, mama yangu, ambaye umebeba jina lake. Ulipomnyooshea uzi usoni alirudi nyuma na kigoda chake. "Wewe wajina, unanipima sanduku? Bado nakula githeri mimi!" Kweli, kwetu anayepimwa kwa kamba akiwa ametulia ni maiti, na anayempima ni fundi wa mbao. Mimi ningebishana naye mpaka jioni. Wewe ukafikiri kidogo, ukamwekea ncha ya uzi mkononi. "Basi nipime wewe, Cucu." Akakupima. Akauvuta uzi mpaka kwenye shavu lake mwenyewe akisema, "Hapa panatosha," na wewe ukabonyeza. Picha ile iko ukutani. Mikunjo yote ipo, na masikio yaliyotobolewa, na jicho la kushoto linalokucheka. Alipoiona alisema, "Kumbe nimezeeka hivi, na hakuna mtu aliniambia!" Akaomba nyingine ya kupeleka kanisani. Alipotuacha mwaka uliofuata, watu walioinama pale kwenye meza waliinuka wakitabasamu. Ulinipa kitu siku hiyo, mama, na sikukushukuru.

Halafu ukaniibia miwani.

Niliitafuta asubuhi nzima nikilaumu mbuzi. Nikakukuta umelala kifudifudi chini ya mti wa kahawa, sare ya shule imejaa matope, miwani yangu ya kusomea umeishika mbele ya lenzi. Nilipiga kelele mpaka jirani akaja. Ukasema, "Ngoja, Baba. Nataka kuona huu ugonjwa wa buni, na uzi unasema niko karibu mno." Ulikuwa umejaribu kwenye alama zote. Na picha zilipotoka, kati ya zote, iliyotoka sawasawa ni ile uliyoweka miwani mbele na kurudisha pete kwenye mlima. Umbali ulikuwa kiwiko mpaka ncha ya vidole. Mlima uleule! Uliniambia sababu yake, nikaitikia kwa kichwa, na sikuelewa. Nilielewa tu kwamba lile doa jeusi kwenye buni lilikuwa kubwa kama sahani, na pembeni yake kuna unyoya mdogo ambao sijawahi kuuona miaka yote niliyochuma kahawa.

Bwana shamba aliziangalia picha zile akauliza ni za mtaalamu gani. Nikamwambia ni za mtaalamu wa hapa, ameenda kuteka maji. Na leo unaenda kusomea magonjwa ya mimea kwa ajili ya zile picha ulizopiga umelala matopeni, huku mimi nakupigia kelele kuhusu hesabu. Niache niseme wazi: ninajivunia wewe mpaka ninaona aibu mbele ya watu. Juzi nilimsimulia askari wa trafiki aliyetaka kuona leseni tu.

Nakuambia haya si kwa sababu nataka uwe kama mimi au usiwe kama mimi. Ila nimejifunza jambo moja kwa njia ndefu. Miaka yote nilipokuwa nakuambia tulia, nilikuwa nimesimama karibu yako na macho yangu yamebandikwa mbali. Niliona daktari, niliona mwalimu mkuu, niliona nyumba ya mawe. Msichana aliyekuwa anajiuliza mambo ya plasta sikumwona mpaka aliponisukumia picha mezani. Huko uendako utakutana na mtu ambaye humwelewi, anakuwa ukungu kila ukimtazama. Kabla hujamwambia atulie, jiulize pete yako umeibandika wapi. Na wakati mwingine ni kurudi nyuma hatua moja tu.

Sasa turudi kwa Jumapili hii na karatasi ya kaki.

Nilipofika nyumbani nilitoa kopo la picha. Nilizitazama zote za mama yako, moja moja, kama mama yake alivyofanya, na nikajikuta nazifuta na mimi. Hakuna kitu. Nikataka kufunga. Ndipo nikakumbuka mtoto wa darasa la tano: mlima, Baba, ni wa vitu vya mbali. Nikaacha kutafuta picha za mama yako. Nikaanza kuangalia zako, zile za utotoni zilizoharibika, na sikukuangalia wewe. Niliangalia nyuma yako.

Iko moja. Ulikuwa umeanza kukaa, nimekuweka kwenye gunia pale juu ya mteremko, nami nimekuinamia. Wewe ni ukungu mweupe wenye kofia. Lakini ng'ambo ya kijito, kwenye chai, kuna mwanamke mwenye kikapu mgongoni, ameinua mkono mmoja, na kila jani lililo mbele yake unaliona. Uso wake si mkubwa kuliko punje ya mchele. Niliweka miwani nikausogelea nikajua ni nani.

Jumatatu nilikuambia nataka kukaza mkanda wa kamera. Nilikudanganya. Filamu ya picha ile ilishapotea zamani, kwa hiyo niliweka filamu mpya, nikabandika picha ile ukutani upande wa jua, nikaweka miwani mbele ya lenzi, nikapima kwa kiwiko. Mkono wangu ulienda wenyewe kwenye alama ya kichwa, nikaukemea, nikarudisha pete kwenye mlima. Nilibana pumzi mimi, si mtu mwingine. Yule fundi wa Nyeri, siku hizi mzee kama mimi, aliikuza mpaka karatasi yake ikaishia. Ilipotoka aliisogeza kwenye mwanga. Kisha akasema, "Leo hii kamera haiko na shida." Nikamwomba msamaha wa miaka yote.

Ina chembechembe kidogo, usitafute makosa. Lakini macho yapo. Na mwanya upo, mwanya uleule unaouficha kwa mkono ukicheka. Nilikuambia mara nyingi ni wa kwake ukadhani nakubembeleza. Mwangalie, halafu uache kuuficha. Miwani yangu ya zamani nayo nimeiweka kwenye mfuko wa kamera unayoondoka nayo. Ni yako, huna haja ya kuiba tena.

Utaona kwenye picha kwamba mdomo wake uko wazi. Siku ile nilidhani ananisalimia, nikampungia mkono. Kumbe alikuwa anapiga kelele kwa nguvu zake zote, kwa sababu mimi nimeshughulika na kamera na wewe pale kwenye gunia unakula udongo kwa mikono miwili. Upepo ulileta maneno yake baadaye kidogo: "Mwangalie mtoto! Wewe! Mwangalie mtoto!"

Fungua sasa.

Ukifika huko, ukimweka mahali utakapokuwa unamwona, mwambie kwa niaba yangu kwamba nilimwangalia mtoto. Nilichelewa kumwona, lakini nimemwona, na ametoka sawasawa.

Ni mimi,
baba yako